Nani Mgeni Mkwakwani

Milima ya Usambara haina timu ya Ligi Kuu. Ina kabichi na peasi, ina misitu ya Shume na Magamba, na ina watoto wanaopigana chenga kwenye viwanja vilivyochongwa ubavuni mwa mlima, ambako lazima mmoja wao asimame upande wa chini kuudaka mpira kabla haujapotelea bondeni. Lakini mtu wa Lushoto, Mlalo au Bumbuli akitaka kuiona Ligi Kuu kwa macho yake, sharti ashuke. Kwetu sisi kila mechi ni ya safari. Hata ile ambayo ratiba inaiita ya nyumbani, ikichezwa uwanja wa Mkwakwani mjini Tanga, inamdai mwenyeji wa Lushoto zaidi ya kilomita 150 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi.

Siku ya mechi Coaster huondoka kabla ya alfajiri. Abiria wamejifunga makoti, mitandio na kofia za sufu, na ukiwatazama huwezi kujua nani ni wa timu gani. Mji wa Lushoto uko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Gari litashuka karibu mita elfu moja ndani ya kilomita 33 mpaka Mombo, kona baada ya kona, likipita Soni na maporomoko yake, dereva akipiga honi kila mahali ambapo mwamba umeziba njia. Chini ya Soni joto linaanza kupanda. Mtu wa kwanza anavua kofia, wa pili analegeza koti. Gari likifika Mombo makoti yote yamekwisha kukunjwa na kuwekwa magotini, na hapo ndipo jezi zinapotokeza. Kila mara napenda kulitazama basi wakati huo, linavyogeuka rangi. Nyekundu na nyeupe za Coastal Union ya Tanga ziko viti viwili vitatu. Nyingine ni za kijani na njano za Yanga, au ni nyekundu za Simba. Tumetoka mlima mmoja, wengine mtaa mmoja, na tunakwenda uwanja mmoja kushangilia mambo yanayopingana.

Kushuka huku hakukuanzia kwenye mpira. Kimweri ye Nyumbai alitawala Usambara kutoka Vugha, juu mlimani, na alipofariki mwaka 1862 nguvu ilianza kuteremka. Mwanawe Semboja alikuwa amekaa Mazinde, chini kabisa, kwenye njia ya misafara, ambako bunduki na bidhaa za pwani zilipita mlangoni kwake, na wakuu wa mlimani wakajikuta wanaamuliwa mambo na mtu wa tambarare. Baadaye reli iliyotoka Tanga ikafika Mombo mwaka 1905. Zikaja kazi za mashamba ya mkonge na kadi ya kipande ya kuhesabia siku za kazi, na vijana wa Kisambaa wakawa wanatelemka kwenye nyika ambayo wazee wao waliiogopa kwa homa zake. Mji wa Tanga uliokuwa mwisho wa njia hiyo ndio uliozaa klabu: African Sports mwaka 1936, Coastal Union mwaka 1948. Klabu hizo ni za bandari, reli na mkonge. Zilipopata mashabiki mlimani, ziliwapata kupitia watu waliokuwa wamekwisha kushuka kutafuta riziki na wakarudi na habari.

Ndiyo maana naiona Coastal Union kuwa timu yetu, ingawa haijawahi kulala usiku mmoja Lushoto kwa ajili ya mechi ya ligi. Mwaka 1988 ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Wazee wa kwetu wanauzungumzia mwaka huo kama watu waliokuwapo uwanjani, hali wengi wao waliusikia kwenye redio ya mbao, betri zikiwa zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu ya dakika 90.

Redio hiyohiyo ndiyo iliyoleta Yanga na Simba. Sisemi hivi kwa uchungu. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba mwaka uliofuata, na zote mbili zilikaa Dar es Salaam, jirani na studio, serikali, bandari na treni zilizobeba makarani na walimu kwenda mikoani. Mwalimu akihamishiwa Mtae alipanda na timu yake. Mtangazaji akitaja majina ya wachezaji wa timu hizo jioni baada ya jioni, majina yanaingia nyumbani na kukaa kama ya jamaa. Namfahamu mzee mmoja wa upande wa Mlalo ambaye hajawahi kuishi Dar es Salaam hata mwezi mmoja, lakini Yanga ni yake kwa haki yote. Ameirithi kwa baba yake pamoja na shamba, na sioni mtu mwenye mamlaka ya kumwambia kwamba amepotea njia.

Ila tukifika naye Mkwakwani, jambo moja hunijia akilini na silipati jibu jepesi. Yanga imesafiri kutoka Dar es Salaam. Kwenye kitabu cha mwamuzi ndiyo timu mgeni. Coastal iko kwao. Milango inapofunguliwa, majukwaa yanajaa njano. Wanaopuliza vuvuzela wametoka Muheza, Korogwe, Pangani, Handeni na Lushoto. Wanaoujua mji huu tangu utotoni, wanaojua nani anauza pweza mzuri Forodhani, wamevaa rangi za wageni. Sisi wa Coastal, tunaoitwa wagosi, tunakusanyika sehemu moja na kuongeza sauti ili wachezaji wetu wajue kwamba wapo nyumbani. Tangu niione hali hiyo kwa mara ya kwanza nimeamini kwamba mgeni katika soka letu hapimwi kwa kilomita. Yanga na Simba hazina ugenini nchini. Mgeni ni yule anayeishangilia timu ya mji wake.

Msimu wa 2015/16 ulitufundisha kwa ukali. Mkoa wa Tanga ulikuwa na timu tatu Ligi Kuu: Coastal Union, African Sports na Mgambo Shooting. Zote tatu zilishuka daraja kwa pamoja. Mashabiki wa Simba na Yanga waliopo mkoani waliumia, nakubali, maana timu zao hazingekuja tena Mkwakwani. Lakini maumivu yao yalikuwa ya kukosa kutembelewa. Sisi tulipoteza Jumamosi zetu, mazungumzo yetu ya barazani, na sababu ya kushuka mlima. Coastal ilirudi msimu wa 2018/19, na siku za mwanzo za marejeo yale niliwaona watu wazima wakigusa ukuta wa uwanja wanapopita, kama mtu anayehakikisha kwamba nyumba bado imesimama.

Huenda msomaji akauliza kwa nini mtu asafiri, wakati Azam TV inaonyesha ligi na kila soko lina kibanda umiza chake. Nami kibandani naingia. Lakini kamera hufuata mpira, na mambo mengi ya mpira hutokea mahali ambapo mpira haupo. Ukiwa jukwaani unamwona golikipa akizungumza peke yake mpira ukiwa upande wa pili. Unamwona beki wa pembeni aliyepanda kushambulia akirudi kwa miguu mizito, mikono kiunoni, na unajua, kabla kocha hajajua, kwamba shambulizi lijalo litapita kwake. Tena kuna jambo ambalo televisheni haiwezi kulifanya hata kidogo, nalo ni kuonwa. Timu iliyo ugenini ikimaliza kupasha misuli moto, wachezaji huinua macho wakatafuta jukwaani nani amekuja. Nimeona mchezaji akiikuta jezi yake kati ya maelfu ya jezi za wengine, akanyanyua mkono. Aliyesafiri usiku kucha anataka hicho kwanza, matokeo yanafuata.

Uingereza wamelielewa jambo hili hata wakaliwekea bei. Tangu mwaka 2016 klabu za Ligi Kuu yao zimekubaliana kwamba tiketi ya shabiki mgeni isizidi pauni 30, na wageni wana sehemu yao uwanjani kwa mujibu wa kanuni. Klabu tajiri zilikubali kukosa fedha kwa sababu kiwanja kisicho na kona ya wageni kinapooza. Argentina walikwenda upande mwingine: kwa kuchoshwa na vifo, mwaka 2013 walipiga marufuku mashabiki wageni kwenye ligi, na kwa miaka mingi mechi kubwa zikachezwa mbele ya rangi moja tu. Sisi hatujafika kwenye maafa ya Argentina, na hatuna mpango wa Uingereza. Tulicho nacho ni desturi. Mtu wa Simba anakaa karibu na mtu wa Yanga, wanatupiana maneno kwa dakika 90, kisha wanagawana nauli ya bodaboda. Desturi hiyo ni mali kubwa. Hata hivyo naamini wenye viwanja na wanaoendesha ligi wangefanya vyema kumtengea shabiki wa timu ndogo eneo lake na bei yake anaposafiri, maana desturi humlinda asipigwe, lakini haimsaidii kufika.

Siku tuliyofika kwa wingi ilikuwa Jumamosi, tarehe 2 Julai 2022. Fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, Coastal Union na Yanga, uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha. Yanga ya Nasreddine Nabi ilikuwa imechukua ubingwa wa ligi bila kupoteza mechi hata moja. Sisi tulikuwa na Juma Mgunda, mtoto wa Tanga, na kikosi cha vijana. Wa Lushoto tulishuka mpaka Mombo tukasimama kando ya barabara kuu na bendera zetu, tukingoja mabasi ya wenzetu kutoka Tanga. Yalipotokea, honi zilianza kusikika kabla hatujayaona. Tulipanda tukiwa tumekwisha kuimba.

Barabara kutoka Mombo kwenda Arusha ina hisia yake kwa mtu wa milimani. Usambara inabaki mkono wa kulia kwa muda mrefu, ukuta mkubwa wa bluu, na ukijua pa kutazama unaona miamba ya juu ya Mazinde, ambako watalii husimama Irente kutazama chini ulipo wewe. Mkumbara, Mkomazi, Hedaru, Makanya. Halafu milima ya Upare inapokea zamu. Kwenye basi letu kulikuwa na mama mmoja wa Tanga mjini aliyeongoza nyimbo. Aliimba ubeti, sisi tukaitikia, na pale ambapo neno lilizidi alinyamaza kidogo, akahesabu kwa vidole juu ya goti, akalibadilisha kwa fupi zaidi, akaanza upya. Alifanya kazi hiyo kutoka Hedaru hadi Same, na tulipofika Same ubeti ulikuwa umekaa sawa, vina mahali pake, hata mtoto aliyekuwa dirishani anaujua. Nilimtazama nikakumbuka tunakokwenda. Sheikh Kaluta Amri Abeid, ambaye uwanja ule unaitwa kwa jina lake, alikuwa mshairi. Mwaka 1954 alitoa kitabu chenye sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake, baadaye akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na waziri katika serikali ya Tanganyika huru. Alifariki mwaka 1964. Tulikuwa tunampelekea mizani iliyopimwa barabarani, na mama yule hakuwa akifikiria kitabu chochote.

Pale Same yalitukuta magari ya Yanga kutoka Dar es Salaam. Chai, mishkaki, watu wananyoosha miguu. Kijana wa Yanga alimkaribia mzee wetu mmoja, akamwamkia shikamoo kwa heshima zote, kisha akamwambia, "Babu, mngeokoa nauli hiyo." Mzee akamjibu marahaba, akamshika mkono bila kuuachia. "Nauli yangu mjukuu wangu nimeilipia kabichi. Zitaota nyingine." Kundi zima likacheka, wa njano na wa nyekundu, na kijana akamnunulia babu chai.

Arusha ilikuwa na baridi ya Julai. Wenzetu wa Tanga mjini, waliozoea upepo wa bahari, walitetemeka. Sisi wa Lushoto tulifungua mabegi. Makoti tuliyoyavua Mombo yaligawanywa, mitandio ikapita mkono kwa mkono, na mama muimbaji akakaa jukwaani amevaa koti la sufu la mtu wa Magamba lililomfika magotini. Siku zote tukishuka pwani sisi ndio tunaochekwa kwa nguo zetu. Siku ile mlima ulikuwa na kitu cha kutoa.

Na mechi yenyewe sitaisimulia dakika kwa dakika. Abdul Suleiman, Sopu, alifunga mabao matatu, yote ya Coastal. Lile la kwanza lilipoingia nilishuhudia wanaume wenye mvi wakikumbatiana na watu wasiowajua majina. Yanga walirudisha, maana Yanga ile ilikuwa na kawaida ya kurudisha. Muda wa kawaida ukaisha, nyongeza ikaisha, ubao ukasoma 3-3. Sauti yetu ilikuwa imekauka, lakini kila Sopu alipogusa mpira ilipatikana nyingine. Uwanja karibu wote ulikuwa wa njano, na wengi wa waliovaa njano walikuwa wenyeji wa Arusha. Sisi tuliotoka Tanga tulikuwa wageni kamili, bila mchanganyiko, na nakiri kwamba sijawahi kujisikia huru jukwaani kiasi kile. Mkwakwani nikiwa mchache huwa naona tumepungukiwa, kwamba kuna watu ambao wangepaswa kuwa upande wetu na hawapo. Arusha hatukumdai mtu yeyote. Waliokuwapo ndio waliotakiwa kuwapo.

Penalti zilikwenda 4-1 kwa Yanga. Aliyekaa mbele yangu, mtu wa njano ambaye kwa zaidi ya saa mbili tulikuwa tumerushiana maneno, aligeuka na kunipa mkono. "Poleni, wagosi. Yule Sopu wenu ni mtu." Nilishindwa kumjibu. Wachezaji wetu walikuja mpaka mbele ya jukwaa letu, wengine wakilia, wakapiga makofi kuelekea juu, nasi tukawapigia wao. Tulikaa hivyo muda mrefu, huku kombe likinyanyuliwa upande mwingine wa uwanja.

Wakati ule mabasi hayakuruhusiwa kusafiri usiku kucha. Ruhusa hiyo ilirudi mwaka uliofuata. Kwa hiyo tulilala Arusha. Wenye ndugu walikwenda kwa ndugu, wengine tukabaki ndani ya mabasi na makoti yaliyokuwa yamekwisha kuzoea mabega mapya. Kulipopambazuka tukarudi kwa njia ileile, na kufika Same ubishi ulikuwa umefufuka: nani alipaswa kupiga penalti ya kwanza, na kama Sopu angechoka au asingechoka. Mombo sisi wa mlimani tulishuka. Hiace ya kupanda Lushoto ilikuwa na watu wa Yanga waliotoka mechi hiyohiyo, wakatusogezea nafasi. Kilomita 33 zote walisimulia mabao ya Sopu kwa undani kuliko ya timu yao.

Kabla ya msimu mpya Sopu alikuwa amesajiliwa na Azam. Septemba Mgunda akaitwa Simba. Watu wawili bora wa siku ile wakaenda Dar es Salaam, kama chochote kinachoota vizuri kwetu kinavyopakiwa kwenye lori na kupelekwa Kariakoo. Siwalaumu. Mchezaji ana miaka michache ya miguu yake, na kocha naye ana watoto. Waliobaki wakafanya kazi. Msimu wa 2023/24 Coastal ikamaliza ya nne na kupata nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ikapangiwa Bravos do Maquis ya Angola, ikafungwa 3-0 kule, na mechi ya marudiano, yetu ya nyumbani, ikachezwa Chamazi, Dar es Salaam. Ilikuwa Agosti 2024. Watu wa Tanga walipanda mabasi kwenda nyumbani kwao palipokuwa katika mji wa wengine, wa Lushoto wakitangulia kuamka kama kawaida yao. Sare ya bila bao. Tukatolewa.

Mzee wa kabichi amepiga hesabu mpya. Mashujaa wako Ligi Kuu, na uwanja wao, Lake Tanganyika, uko Kigoma. Hajawahi kuliona ziwa hilo. Ameuliza madereva wote wa stendi ya Lushoto: apite Chalinze, Morogoro, Dodoma na Tabora, au azungukie Arusha na Singida? Kila dereva ana jibu lake, naye anayaandika yote nyuma ya kalenda ya ukutani, pamoja na bei. Mkewe anasema ni mbali mno kwa mechi moja, na hasa kwa mtu wa umri wake. Yeye anasema nauli ya kwenda ameshaipata.